Tatizo Si Vifungashio

Kila mwezi wa Agosti viwanja vya Themi pale Njiro, Arusha, hujaa mabanda ya Nane Nane, na kila Agosti maneno yaleyale hupita banda kwa banda. Mgeni rasmi huchukua kipande cha sabuni mezani, hukigeuza, hukinusa, husifu harufu yake, kisha husema: bidhaa zetu ni nzuri, tatizo ni vifungashio. Mtengenezaji huitikia kwa kichwa. Jioni maneno hayo yako redioni, na mwezi unaofuata yako kwenye semina ya ujasiriamali wilayani. Nimeyasikia Sabasaba Dar es Salaam, nimeyasikia Karatu chini ya turubai, nimeyasikia nje ya kanisa baada ya ibada. Yamerudiwa kwa miaka mingi mpaka hakuna anayeyadai ushahidi.

Mimi nayakataa. Nayakataa hasa yanapoelekezwa kwa familia zinazotengeneza vipodozi vya asili nyumbani: sabuni, mafuta ya mgando, mafuta ya nywele, vitu vya nta na mimea. Yanamwambia mama aliyekesha jikoni kwamba kazi yake imekwisha, kilichobaki ni kununua kopo zuri. Macho ya kila mtu yanahamia nje ya kopo, wakati kilicho ndani ndicho kitakachokaa juu ya ngozi ya mtoto usiku kucha.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Mama yangu mdogo hupika sabuni na mafuta ya kupaka kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake Karatu, pamoja na binti zake, mkwe wake mmoja, na mimi ninapokuwa nyumbani. Alizeti tunakamulisha hapa hapa. Nta tunaipata Kakesio.

Asiyeijua Kakesio na nimwelekeze. Ukitoka Karatu unapita lango la Lodoare, unapanda ukingo wa kreta, unateremka kwenda Endulen, halafu unaendelea tena kusini magharibi mpaka pembeni kabisa mwa Hifadhi ya Ngorongoro, upande wa kuelekea Maswa na Meatu. Ni kata ya wafugaji Wamasai. Watafiti wa mambo ya kale wanaijua kwa visukuku vyake, na Laetoli, penye nyayo za miaka milioni 3.6 zilizoonwa mwaka 1978 na kikosi cha Mary Leakey, iko upande uleule. Sisi tunaijua kwa asali ya migunga. Nta huja kwenye kiroba, nyeusi, ikiwa na miguu ya nyuki na harufu ya moshi. Tunaiyeyusha kwenye maji ya moto, tunaichuja kwa kitambaa mara mbili, tunaiacha igande juu ya maji usiku mzima. Asubuhi ni ya manjano, na kibanda kizima kinanukia.

Mwaka mmoja mama mdogo alikwenda semina. Mkufunzi aliyapaka mafuta yake mkononi, akayasifu, akasema yale maneno. Akampa na orodha: kopo jeupe la plastiki lenye mfuniko wa rangi ya dhahabu, boksi la kadi gumu, lebo ya kung'aa, bakodi. Mwenye kuuza makopo hakubali kuuza machache, kwa hiyo mama mdogo alichukua mkopo kwenye kikoba akanunua ya jumla. Tulipopiga hesabu tuliona kwamba kopo, boksi na lebo vinagharimu zaidi ya mafuta yaliyomo. Ikabidi bei ipande. Wanawake wa mtaa wetu, ambao kwa miaka walikuwa wanaleta vikopo vyao wenyewe tuwajazie mafuta ya kuwapaka watoto mashavu kipindi cha baridi na upepo, waliitazama bei mpya wakaondoka bila kusema neno. Mahali pao palichukuliwa na duka moja la zawadi lililopokea mzigo kwa mali kauli, tulipwe vitakapouzika. Miezi ilipita. Tulipokwenda kudai tulikuta makopo yamekaa kwenye kioo cha dirisha, juani, mafuta yamechachuka.

Siku ile ya semina mkufunzi hakuuliza maswali ambayo mtu anayejali ngozi ya mnunuzi angeyauliza kwanza. Hakuuliza kostiki tunaipimaje. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunaipima kwa kikombe. Sabuni hutokea pale kostiki inapokutana na mafuta, na kila mafuta yana kiasi chake: ya nazi hudai kostiki nyingi kuliko ya alizeti kwa uzito uleule. Ukibadilisha mafuta kwa sababu ya bei ya wiki hiyo na kikombe kikabaki kilekile, sabuni moja itakuwa laini isiyokauka na nyingine itaunguza. Tulihitaji mizani. Mizani ya jikoni inayosoma gramu ilikuwa na bei ndogo sana mbele ya maboksi yale, na hakuna aliyetutajia.

Wanaotetea vifungashio watasema hilo ni kosa la mkufunzi mmoja. Lakini mkufunzi huyo alikuwa anafuata imani inayoaminiwa kotekote, kwamba kinachomtofautisha mwanamke wa Karatu na kampuni za Ulaya ni mwonekano. Basi hebu tutazame rafu za vipodozi katika soko lolote la Arusha, Mombasa au Kampala. Ni bidhaa gani zinang'aa kupita zote? Zenye boksi la dhahabu, hologramu, picha ya mwanamke mwenye ngozi ya maziwa, majina ya karoti na limau na papai? Ni mkorogo. Baadhi ya krimu hizo zimekutwa na zebaki na haidrokwinoni, vitu vinavyoharibu ngozi, na zebaki huenda mpaka kwenye figo. Ulimwengu umelazimika kuweka mkataba kuhusu zebaki: Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulikataza vipodozi vyenye zebaki kupita sehemu moja katika milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa hata kiwango hicho, vipodozi vyote vilivyoongezwa zebaki vikome ifikapo 2025. Sumu hiyo imeingia nyumbani mwetu ikiwa kwenye vifungashio visivyo na kasoro hata moja. Kama kifungashio kizuri kingekuwa ushahidi wa chochote, dada zetu wasingekuwa na makovu usoni.

Ndipo nifike kwenye lebo, na hapa lazima niseme kosa letu wenyewe. Msanifu alitafuta picha kwenye intaneti akaweka morani anayeruka, jua likizama nyuma yake. Juu yake akaandika kwa Kiingereza kwamba hii ni siri ya kale ya Wamasai. Sisi ni Wairaqw. Mchanganyiko ni wa mama mdogo, aliufundishwa na jirani akaurekebisha mwenyewe miaka kwa miaka. Kilichotoka Umasaini ndani ya kopo kilikuwa nta, na kuhusu nta hiyo lebo haikusema lolote, wala ilikotoka, wala aliyeirina. Tuliona ni sawa. Tulifurahi hata.

Mama mmoja wa Kakesio, anayetuletea nta na ambaye sote humwita yeyo, alikuja siku ya mnada akakuta makopo mezani. Alichukua moja akamtazama yule kijana kwa muda mrefu.

"Dada, huyu ni mtoto wa nani?"

Mama mdogo akasema hamjui.

"Wa boma gani?"

"Sijui, yeyo. Picha imetoka kwenye mtandao."

"Mama yake anajua kwamba yuko hapa?"

Hakukasirika. Alirudisha kopo mezani taratibu, uso wa kijana ukiwa juu, akaomba maji ya kunywa. Tangu siku ile sijaweza kuitazama picha ya morani kwenye bidhaa yoyote bila kulisikia swali lake.

Na bidhaa hizo ni nyingi duniani: magari, viatu, nguo, mafuta ya kupaka. Jina la Wamasai limeuza kwa miongo mingi bila Wamasai kuulizwa. Ndiyo sababu wazee wa Kenya na Tanzania walianzisha Maasai Intellectual Property Initiative, ambayo mzee Isaac ole Tialolo wa Kenya aliiongoza, kudai kwamba anayetumia jina na sura yao kibiashara aombe ruhusa na alipe. Kampuni moja ya nguo ya Uingereza, Koy Clothing, ilikubali kulipa. Watu wa pwani watakumbuka kisa cha kikoi: kampuni ya Uingereza ilitaka kulisajili jina hilo liwe alama yake ya biashara, Wakenya wakasimama, ombi likaachwa. Afrika Kusini wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2019 wenye viwanda vya rooibos, mmea unaotumika kwenye chai na kwenye vipodozi, walikubali kutoa asilimia 1.5 ya bei ya shambani kwa jamii za Wakhoi na Wasan, kwa sababu ujuzi wa mmea ule ulikuwa wao kabla ya kiwanda chochote. Nimesikia wenzangu wakisema hayo ni madeni ya Wazungu. Si kweli. Deni halichagui rangi. Familia ya Karatu inayouza siri ya Wamasai isiyopewa na Wamasai inafanya jambo lilelile, ila kwa faida ndogo zaidi.

Nisogee kwenye maneno mawili yaliyozoeleka kwenye lebo kuliko yote: bila kemikali.

Sabuni yoyote ya kipande imepitia kostiki, hata kama mwishoni kostiki yote imegeuka sabuni. Anayeandika bila kemikali juu ya sabuni ama haijui kazi yake ama anategemea mnunuzi asiijue. Jirani yake ni neno asili, ambalo siku hizi limepanuka mpaka halishiki kitu. Msandali ni asili, na mafuta yake ni ya manukato na vipodozi vya gharama; kwa sababu mafuta hayo yamo kwenye kiini cha mti na mizizi, watu wanaung'oa mti mzima. Hali ilifika mahali ambapo mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki uliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mishubiri ya porini nayo iko huko, aina zote isipokuwa Aloe vera ya kawaida, na baadhi ya aina zimo hata kwenye orodha kali zaidi. Mtu akikata mishubiri ya mwituni, akatengeneza jeli, akaandika asili, na akampa ndugu aende nayo Ujerumani akauze, ameandika ukweli kuhusu jani na ameficha kila kitu kingine. Na kuna la usalama. Jeli ya mshubiri ina maji mengi. Chenye maji huota bakteria na ukungu ndani ya siku chache kisipowekwa kihifadhi. Yule anayejivunia kwamba hakuweka kihifadhi kwenye losheni yenye maji anauza bustani ya vijidudu. Mafuta matupu yenye nta hayana shida hiyo, na ndiyo maana sisi tumebaki na mafuta na nta. Tumejua mpaka wa uwezo wetu.

Halafu liko neno hai. Kilimo hai kina maana yenye mipaka. Afrika Mashariki ilipata kiwango chake cha pamoja mwaka 2007, EAS 456, na alama ya Kilimohai ilitoka humo; nchini Tanzania inasimamiwa na TOAM, chama cha kilimo hai. Alama hiyo haipatikani kwa kuchora jani la kijani. Inadai kumbukumbu, ukaguzi, au wazalishaji kukaguana wenyewe kwa wenyewe kwa utaratibu unaojulikana. Sasa nisikilizeni kuhusu Kakesio, kwa sababu hapa ndipo wanaotusifu hupotea njia. Watu husema: Ngorongoro hakuna kilimo, hakuna mbolea za dukani, hakuna dawa za kunyunyizia mahindi, basi kila kinachotoka huko ni hai kwa kuzaliwa. Ni kweli kwamba kulima ndani ya Hifadhi kumezuiwa. Kulizuiwa katika miaka ya 1970, kukaruhusiwa 1992, kukazuiwa tena 2009, na watu wa Kakesio wamelipia katazo hilo kwa njaa na kwa kununua kila debe la mahindi kutoka nje. Kugeuza dhiki hiyo kuwa sifa ya kuuzia sabuni kunaniumiza. Lakini hata kwa hoja yenyewe, si kweli. Ng'ombe na kondoo wanaogeshwa kwa dawa za kuua kupe, kwa sababu ndigana kali humaliza ndama. Mfugaji yuko sahihi kabisa kuogesha. Ila nyingi ya dawa hizo hupenda mafuta, na zinaweza kukaa kwenye mafuta ya mnyama. Mafuta ya kondoo, ambayo Wamasai wamejipaka tangu zamani pamoja na olkaria, udongo mwekundu, hayawezi kuitwa hai kwa sababu tu kondoo alilishwa nyasi za porini. Yatapimwa ndipo yaitwe. Walionishauri tuweke mafuta ya kondoo kwenye bidhaa yetu kwa sababu yanauza hadithi hawakufikiria jambo hili hata dakika moja.

Tangu Julai 2019 vipodozi vimehamishiwa Shirika la Viwango, TBS, kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Nasikia manung'uniko mengi kuhusu usajili, na baadhi ni ya haki, kwa sababu safari za ofisini kwa mtu wa kijijini ni fedha. Hata hivyo maswali wanayouliza ndiyo yale ambayo semina haikuyauliza: umeweka nini, kiasi gani, umetengeneza lini, mwisho wa matumizi ni lini, mzigo huu una namba gani ili ukiwa na kasoro urudishwe. Fedha za maboksi yetu zingetufikisha mbali kwenye njia hiyo. Na ile bakodi iliyosifiwa sana? Zinazoanza na 620 hutolewa na ofisi ya Tanzania kwa kampuni iliyojisajili hapa. Hazithibitishi kwamba bidhaa imetengenezwa Tanzania, wala kwamba imepimwa. Ni namba ya kumrahisishia karani wa supamaketi. Mama mwenye kuuzia mnadani Endulen haihitaji.

Sijasema chombo hakina kazi. Kina kazi kubwa, na hakuna aliyetufundisha kazi hiyo. Mafuta yana maadui wanne: mwanga, hewa, joto na vidole vyenye maji. Chupa inayoonyesha ndani, ile inayochaguliwa kwa sababu mafuta yanang'aa humo kama dhahabu, inayakabidhi mafuta kwa adui wa kwanza. Chupa ya kahawia inayalinda, lakini jaribu kuipeleka Kakesio kwa gari linaloruka mashimo kutoka Endulen uone kama itafika nzima. Kopo la bati jembamba lenye mfuniko wa kubana linafaa mafuta ya mgando: halipitishi mwanga, halivunjiki, ni jepesi. Sabuni ya kipande inataka karatasi tu, tena inayopumua, maana sabuni huendelea kukauka wiki kadhaa na ukiifunga kwenye plastiki hutoa jasho.

Wamasai wenyewe wamekuwa na elimu ya vyombo kuliko wengi wetu. Kibuyu cha maziwa husafishwa kwa kaa la moto la mti wa oloirien, mzeituni wa mwituni, likisuguliwa ndani mpaka kuta zinuke moshi, na kazi hiyo hufanywa na mwanamke kila kibuyu kinapohitaji, maisha yake yote. Chombo kina mwangalizi. Namkumbuka hata mzee mmoja wa zamani aliyetia kopo tupu la filamu ya kamera kwenye tundu la sikio lake, akahifadhi humo ugoro. Kitu alichokitupa mtalii kikawa na kazi miaka ishirini. Leo tunawapelekea watu hawa kopo lenye boksi, boksi lenye plastiki, plastiki yenye stika. Kakesio hakuna gari la taka. Taka zake huchomwa uani, hufukiwa, au hupeperushwa mpaka malishoni, na ng'ombe mwenye njaa ya kiangazi hula plastiki. Waliowahi kumpasua ng'ombe aliyekufa akiwa amevimba wanajua kinachotolewa tumboni. Marufuku ya Juni 2019 iliondoa mifuko ya kubebea na nchi ilipumua, lakini haikugusa makopo na vifuko vya bidhaa zilizofungwa kiwandani. Hayo yamebaki kwenye dhamiri ya anayeyajaza.

Nimeambiwa: soko la watalii linataka hivyo. Hapana, soko hilo linakimbilia upande mwingine. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni mpya ya vifungashio ambayo kuanzia 2030 itaondoa hotelini zile chupa ndogo za shampuu na losheni za kutumia mara moja. Agizo lao lingine la mwaka 2024 linazuia, kuanzia Septemba 2026, madai ya jumla ya kuwa rafiki wa mazingira yasiyo na ushahidi. Wageni wengi wanaolala ukingoni mwa kreta wanatoka katika nchi hizo. Tunafundishwa kuiga kile ambacho wenyewe wanakitupa.

Kila nikibishana hivi, mtu hunitajia Zanzibar. Tazama sabuni za mwani, husema, zilivyopata soko baada ya kufungwa vizuri. Nimezitazama. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, na mikono iliyokishika ni ya wanawake kwa sehemu kubwa. Kwa miaka mingi waliuza mwani mkavu kwa bei ya kusikitisha, ukasafiri ng'ambo, ukageuzwa kuwa kitu cha kugandisha dawa ya meno na krimu, na jina la mwanamke wa Paje halikusafiri nao. Mabadiliko yalianza pale watafiti kama Dakta Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, aliyeanzisha mpango wa kuwaunganisha wakulima na wasindikaji wa mwani mwaka 2006, waliposhirikiana na wanawake kuusaga mwani na kuupikia sabuni papo hapo. Ujuzi ulikaa mikononi mwao. Mgeni akifika Paje anaonyeshwa shamba ndani ya maji, anaonyeshwa kinu, anaonyeshwa sufuria, ndipo ananunua. Boksi lilikuja nyuma ya hayo yote. Anayeichukua Zanzibar kuwa ushahidi wa vifungashio amekiona kilele cha mnazi, mizizi hakuiona.

Kuna jambo moja nalisema kwa ndugu zangu, kwa sababu ni la ndani. Lebo nyingi sasa zinajivunia kwamba bidhaa ni ya biashara ya familia. Neno familia linapoandikwa hivyo linatuliza moyo wa mnunuzi: anaona upendo, anaona bibi na mjukuu. Mimi nimo ndani ya biashara hiyo na najua neno hilo linavyoweza kufunika mambo. Mkwe wa mama mdogo alikoroga sabuni miaka miwili, akaungua mkono kwa kostiki mara moja, na hakuwahi kulipwa kwa sababu ni wa nyumbani. Binti za mama mdogo walilala saa saba za usiku wakibandika lebo, asubuhi shule. Huko Kakesio anayerina asali ni mwanamume, anayekamua masega na kusafisha nta mara nyingi ni mke wake, na fedha ya nta tulikuwa tunampa yeyote aliyepanda gari siku hiyo. Hatukuuliza ilimfikia nani. Kiwanda kikifanya hivyo tunaita unyonyaji, tunapiga kelele. Sisi tulikuwa tunaita familia. Mimi nasema biashara ya familia haina haki ya kuandika neno hilo kwenye kopo kabla haijalipa watu wa familia kwa daftari linaloonekana. Mama mdogo alichukia nilipomwambia. Tulikaa wiki mbili tukisalimiana kwa mkato. Kisha akanunua daftari.

Picha ya morani tumeiondoa. Makopo meupe yaliyobaki tumeyauza kwa hasara kwa mtu wa Mbulumbulu, na mkopo wa kikoba bado tunaulipa. Mizani ipo, ya gramu, na karatasi iliyobandikwa ukutani inaonyesha kila mafuta na kostiki yake. Sabuni tunaifunga kwa karatasi ya kaki na uzi wa katani. Mafuta yako kwenye bati. Lebo mpya ni ndogo, ya Kiswahili, imechapwa kwa wino mweusi: mafuta ya alizeti, nta ya nyuki kutoka Kakesio, hakuna kingine, tarehe, namba ya mzigo, ukiona upele acha kutumia, rudi kwetu. Hatukuandika asili wala hai, kwa kuwa nta yetu haijakaguliwa na mtu yeyote. Yeyo sasa hupokea fedha ya nta mkononi mwake na kuweka alama ya kidole kwenye daftari, na ni yeye aliyetaka jina la Kakesio liandikwe ila la kwake lisiandikwe.

Wale wanawake wa mtaani wamerudi, na vikopo vyao. Kwa wa Kakesio tuliweka bei ndogo zaidi kwa atakayerudisha bati. Safari ya kwanza tulipeleka kumi na mawili kwa gari la Endulen. Baada ya miezi miwili yakarudi tisa ndani ya kiroba kilekile cha nta. Saba tuliyaosha, tukayachemsha, tukayakausha juani, tukayajaza. Mawili yalikuwa yamewekwa ugoro na harufu haikutoka, tukayaacha dirishani, na leo moja lina sindano za mama mdogo na jingine lina pini.